Wa Pili Kutoka Kushoto

Ndugu msomaji, kabla hujaruka ukurasa huu kwenda kutafuta hadithi ya mapenzi, nipe dakika chache. Mimi nakusanya picha za vita. Sisemi vita vya kwenye video. Ni vile vya 1914 mpaka 1918, ambavyo wazee wa huku kwetu waliviita Vita vya Mjerumani. Ninazo picha thelathini na moja kwenye boksi la viatu. Kumi na tisa nimezihakiki zikahakikika. Tisa bado zina maneno. Tatu ni za uongo mtupu, na hizo nazitunza kuliko zote, kwa sababu moja ya hizo tatu niliitengeneza mwenyewe nakala mbili, na nakala ya pili haiko mikononi mwangu. Nitaifikia.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuhurumiwa, nikaingia mjini. Kibarua changu kiko Kariakoo, kwenye kibanda cha stesheni: fotokopi, picha za pasipoti, kuvalisha vyeti plastiki. Usiku naandika riwaya. Nimeshajaza kaunta buku mbili na ya tatu iko katikati. Riwaya yenyewe inamhusu babu yake bibi yangu, ambaye mimi kwake ni kilembwe. Wajerumani walimchukua Muheza kuwa mpagazi na hakurudi tena.

Kwa bibi, sebuleni, ilining'inia picha yake. Fremu ya mbao, kioo kimepasuka pembeni, na ndani yake wanaume watano wamesimama, mizigo kichwani, miguu mitupu. Tangu nikiwa mtoto baba alinishika bega akaninyooshea kidole: "Huyo. Wa pili kutoka kushoto." Mtu mrefu, mbavu zinahesabika, jicho moja amelifumba kidogo kama anayekwepa jua, na juu ya jicho hilo kuna kitu kama kovu. Sura ya kwanza ya riwaya yangu inaanza na kovu hilo. Kurasa kumi na moja, msomaji. Nilieleza alilipataje, nani alimkata, kwa kosa gani. Kila niliyemsomea alisema hapo ndipo nimeandika.

Sasa mwandishi akishaandika kovu anataka kujua na mambo mengine. Mzigo ulikuwa na uzito gani, kamba ilifungwaje, walilala wapi. Ndiyo maana nikaanza kununua picha. Ya kwanza niliipata kwa wauza vitabu vya zamani wanaotandaza chini kule Posta. Ni kadi, wapagazi wanavuka mto, maji kifuani, mizigo juu ya vichwa. Jamaa alitaka elfu ishirini, akashuka mpaka elfu nane. Siku hiyo sikula mchana, na wala sikuona njaa.

Aliyenifundisha kuhakiki ni mzee mmoja wa Magomeni, mpiga picha wa studio tangu enzi za mkanda na chumba cha giza. Siku hizi hana studio, ana kiti tu barazani. Nilipompelekea ile kadi hakuiangalia picha kwanza. Aliigeuza mgongo. Akaipapasa ukingo kwa kucha. Akainusa. Ndipo akasema, "Kijana, picha huanza kusomwa nyuma."

Nyuma kulikuwa na chapa ya Kijerumani, *Postkarte*, na mstari wa kugawa upande wa barua na upande wa anwani. Hilo peke yake halithibitishi kitu, maana kadi za namna hiyo zilichapwa miaka mingi. Basi akanituma kwa fundi saa nikaazime ile lenzi wanayoibana jichoni. Ukiiweka lenzi juu ya picha iliyosafishwa kwa dawa, kivuli kinatelemka taratibu kutoka cheusi kwenda cheupe, hakuna pa kushika. Ukiiweka juu ya picha iliyokatwa kitabuni au gazetini, unaona nukta. Nukta tupu, kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka. Na ukiiweka juu ya picha iliyotoka kwenye printa ya kisasa, nukta nazo zipo, ila zimetawanyika ovyo na zina rangi rangi, hata kama picha yenyewe inaonekana nyeusi na nyeupe.

Kipimo cha tatu nilikuwa nacho kibandani muda wote bila kujua. Ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia! Karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha weupe miaka ya mwanzo ya 1950. Ukizimulika kwa taa ile zinawaka kama shati jeupe kwenye disko. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya 1914 na karatasi ikawaka, mrudishie, mpe na salamu. Ila usifikiri kwamba isiyowaka lazima iwe ya zamani, kwa sababu zipo karatasi za juzi zisizotiwa dawa hiyo. Taa inajua kukataa, haijui kukubali. Bosi wangu akinikuta namulika wapagazi badala ya noti za wateja huwa anatikisa kichwa tu.

Kisha kuna kuhakiki kile kilichomo ndani ya picha, na hapo ndipo nilipomaliza miezi. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na nyuma kipande cha kukinga shingo. Wengi mwanzoni mwa vita walibeba bunduki za mtindo wa 1871, zile za baruti ya moshi, kila akifyatua anajitangaza alipo. Picha ikikuonyesha askari wa Tanga Novemba 1914 amevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, jiulize mara mbili. Na picha nyingi zinazoitwa za mapigano ukizitazama vizuri utaona hakuna anayepigana. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, nyingi zinatumia sahani za kioo, na mtu mwenye kamera ya miguu mitatu hasimami mbele ya risasi. Wamelala kwenye nyasi wamelenga, wametulia, na mpiga picha kasimama wima pembeni yao. Ni mazoezi yale.

Ukikusanya picha za vita vile huwezi kumkwepa Walther Dobbertin. Alizaliwa 1882, akafa 1961, na alikuwa mpiga picha hapa hapa Dar es Salaam kabla vita havijaanza. Vilipoanza akaendelea kupiga, na mwaka 1932 akatoa kitabu cha picha za askari wa Lettow-Vorbeck. Picha zake sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na Desemba 2008 hifadhi hiyo iliweka hadharani kwenye intaneti picha zaidi ya 80,000, za Dobbertin zikiwemo. Mimi Kariakoo, kwa bando la mia tano, nimezipitia moja moja usiku, mpaka nikaanza kuwaota wale watu. Upande wa Mwingereza zipo za jumba la makumbusho ya vita la London, na zile za vita vya kwanza nyingi namba zake huanza na herufi Q. Ukipata picha mtaani, ukaikuta na nduguye kwenye hifadhi, namba unayo, mpigaji unaye, basi umeshinda nusu ya kesi.

Nusu nyingine ndiyo iliyonivunja. Soma maelezo chini ya picha hizo. Ofisa ametajwa jina na cheo. Meli imetajwa. Mzinga umetajwa ulitoka wapi: manowari *Königsberg* ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake kumi ikaopolewa ikatumika nchi kavu, na kuna picha za mizinga ile ambazo unaweza kuifuatilia mmoja mmoja kama ng'ombe wa mahari. Wanaoukokota ni kundi la watu. Maelezo yanasema *Träger*. Wapagazi. Basi. Mzinga una ukoo, mtu hana.

Na hawakuwa wachache. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi waliokufa hutajwa kuwa karibu 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo ninapokula mkate wangu limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo. Vita viliisha Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka 1927 Mwingereza akasimamisha sanamu pale mjini, na wapagazi wametajwa kwenye maandishi yake, ila aliye juu kabisa ni askari na bunduki yake, na sisi wote tunapaita Askari Monyumenti. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi nalo likapitisha kuwalipa malimbikizo waliokuwa askari wake waliokuwa bado hai. Kuna kisa kinachopendwa sana kusimuliwa hapo, kwamba wazee wasio na karatasi walipewa fagio badala ya bunduki, wakatolewa amri kwa Kijerumani, na kila mmoja mwili ukakumbuka. Mimi nikikisoma kisa hicho namfikiria mpagazi. Yeye angepimwa kwa nini? Angetwishwa?

Nilisema nitaifikia ile ya uongo. Kuna jamaa anauza vinyago na vitu vya kale kwa watalii. Alisikia kwamba nina picha, akanifuata kibandani. Akaniambia hataki zangu, anataka nimtengenezee. "Wewe una printa, una macho. Mtalii hana lenzi ya fundi saa." Mwezi huo mdogo wangu alikuwa anadaiwa michango ya shule. Sisemi hivyo unihurumie, nasema ujue bei.

Nikachukua picha ya askari kutoka intaneti, nikaitoa kwenye karatasi nene isiyong'aa, nakala mbili. Nikanunua chai kwa mama wa kijiweni, nikazilaza kwenye sinia mpaka zikawa rangi ya jani kavu, nikazianika juu ya paa. Pembe nikazichosha kwa kidole gumba. Nyuma nikaandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kulala kama wa makarani wa zamani: "Askari, Tanga, Novemba 1914." Nakala moja nikampa, nikapata elfu kumi na tano. Yeye aliuza elfu arobaini.

Nilijidanganya kwamba imekwenda Ulaya, imekaa juu ya meko ya mtu asiyejua Tanga ni nini. Wiki tatu baadaye jamaa akanisimulia huku anacheka. Hakununua mtalii. Alinunua mtu mzima wa kwetu, mwenyeji wa Songea, aliyekuwa anapita na begi. Aliona "Tanga 1914" akasimama. Akasema babu mzaa babu yake alikuwa askari, ilisemwa nyumbani kwao kwamba alipigana Tanga, na hawana hata picha yake moja. "Nikamwambia, basi huenda ndiye huyo," jamaa akaniambia. "Mzee wa watu akalia. Hakunibembeleza hata bei."

Nakala yangu nilimpelekea mzee wa Magomeni bila kumwambia kitu. Sijui nilitaka anikamate au anisifu. Aliigeuza mgongo, akaipapasa ukingo, akainusa. Akanirudishia.

"Hii chai ina tangawizi," akasema.

Hakusema zaidi. Akaanza kuzungumza habari za mpira. Nilikaa pale barazani mpaka adhana ya magharibi, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kuiogopa picha ya Muheza. Kwa sababu, msomaji, katika miaka yote ya kuhakiki picha za watu, ile ya bibi sikuwahi kuiwekea lenzi.

Nilikwenda mwezi wa Desemba. Bibi ana zaidi ya miaka themanini, masikio yake mazima kuliko ya kwangu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, umekonda, hiyo Dar inakulisha nini?" Nikasubiri alale mchana. Nikaitoa fremu ukutani, nikavuta vimisumari vya nyuma kwa ncha ya kisu, nikabana lenzi jichoni.

Nukta. Mtama kwenye mkeka.

Nilihamisha lenzi mpaka kwa wa pili kutoka kushoto. Lile kovu juu ya jicho lilikuwa doa la wino, nukta tatu zilizogandana wakati wa kuchapa. Kovu la kurasa kumi na moja.

Nyuma ya karatasi kulikuwa na maandishi ya Kijerumani yaliyokatwa katikati ya sentensi. Ilikuwa imetoka kitabuni. Na hapo nikajua kwa nini siku zote wale watu walinipa wasiwasi wa kuwafahamu zaidi ya kuwafahamu. Nilikuwa nimewaona. Usiku mmoja Kariakoo, kwenye simu, nilikuwa nimeipita picha ile ile nzima, watu wakiwa saba. Aliyeikata kitabuni aliwaondoa wawili ili itoshe kwenye fremu. Nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikahangaika saa nzima, nikaipata. Maelezo yanasema ni msafara wa biashara, kabla ya vita. Watu wale, kwa maelezo hayo, hawakuwa wa vita kabisa. Maelezo nayo yanaweza kuwa na makosa, hifadhi zenyewe zinakiri hivyo. Lakini nimesimama kilimani nikitafuta kosa la kuniokoa, na sikulipata.

Niliporudi bibi alikuwa ameamka, amekaa mkekani, na fremu iko mapajani mwake, tupu. Picha ameishika mkononi.

"Umeivua nguo," akasema.

Nikaanza kujitetea kama mwizi. Nikamwambia, bibi, huyu... huyu mtu, nimeangalia, karatasi yenyewe, yaani inaonekana... Nilitaja nukta, nikataja kitabu, nikataja Ujerumani. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Alileta karani wa mkonge," akasema. "Aliikata kwenye kitabu cha Mzungu wake, akafukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nilikuwepo. Alimpa mama yangu. Mama aliiangalia muda mrefu, akasema, baba alikuwa kama huyu. Alipochukuliwa mama alikuwa hajatimiza hata miaka sita, mume wangu. Alikumbuka mwendo na mbavu. Akasema, *kama huyu*."

"Lakini baba alituambia ndiye huyu."

"Baba yako alikuwa na haraka tangu mtoto," bibi akasema. "Hiyo 'kama' aliiacha njiani. Na mimi nikaona, wacha, watoto wana kitu cha kuangalia."

Nilimuuliza kama anataka picha irudi ukutani. Alinitazama kama vile nimemuuliza kama anataka jua lichwe. Irudi kwani imefanya nini?

Tulifanya hivi. Nilitoa penseli laini, kwa sababu nyuma ya picha huandikwi kwa wino, wino unapenya (ushahidi wa kosa langu jingine lile). Bibi akataja, mimi nikaandika: ilitoka kitabuni, aliileta karani, mtoto wa mpagazi aliiangalia akasema baba yake alikuwa kama wa pili kutoka kushoto. Kisha akanitajia jina la babu yake, la baba yake huyo babu, na kijiji alikochukuliwa. Jina sikuwa nalijua. Miaka yote hiyo nilikuwa na kovu, jina sikuwa nalo. Nilikuwa nimeshampa jina langu la kubuni ndani ya riwaya. Hapa silitaji, bibi hajaniruhusu, anasema majina ya watu waliokufa mbali hayatupwi kwenye makaratasi ovyo. Nikagongomea vimisumari, tukaining'iniza. Jioni hiyo bibi aliniimbia wimbo wa kutwangia aliofundishwa na mama yake, na katikati akasahau maneno, tukacheka.

Kaunta buku ya kwanza nimeifungua tena. Zile kurasa kumi na moja nimezipiga mstari. Kwa hiyo sura ya kwanza kwa sasa haina sura, ina mtu anayetembea kwa nyuma, unamwona mgongo, mzigo na visigino. Mhariri mmoja niliyemwonyesha anasema msomaji atachoka. Tutaona.

Kilichobaki ni kile ambacho kimenifanya niandike haya badala ya kumalizia riwaya. Nimemuuliza yule muuza vinyago mara nne. Hajui jina la yule mtu wa Songea, hakumwandikia risiti, anakumbuka begi la kijani tu. Jarida hili najua linafika Songea, maana nimeona barua za wasomaji wa huko. Kama nyumbani kwenu kuna picha ya askari iliyonunuliwa Dar kwa elfu arobaini, nyuma imeandikwa kwa wino "Askari, Tanga, Novemba 1914", tafadhali itoe kwenye fremu uinuse. Kama bado ina tangawizi, hiyo ni yangu. Sijui babu yenu alikuwa nani, na yule wa kwenye picha hata mimi simjui. Huenda babu yenu alipigana Tanga kweli. Hilo picha yangu haiwezi kulifuta. Mwulizeni aliye mkubwa kuliko wote hapo nyumbani alikuwa mtu wa namna gani, andikeni kwa penseli. Elfu arobaini yote ninayo, nimeiweka kwenye bahasha ndani ya lile boksi la viatu. Mhariri anajua nilipo.